Goti limelia "ko!", eksirei safi, lakini linachomoka: usirudi uwanjani bado

Mkuu, kwa ulivyoeleza, njumu zilinasa kwenye nyasi, mwili ukageuka, goti likalia "ko!" na ndani ya saa mbili likawa limejaa. Eksirei ikaja safi, ukaambiwa uko sawa. Sasa ni wiki ya tano, uvimbe umekwisha, ila ukigeuka ghafla goti linachomoka.

Eksirei inaonesha mifupa. Ikiwa safi, hujavunjika, basi. Goti linashikiliwa na kano kuu nne: mbili za pembeni, na mbili zinazopishana katikati. Ya mbele katika hizo za katikati ndiyo ACL, inayozuia ugoko usiteleze mbele wala kujizungusha chini ya fupa la paja. Mara nyingi hukatika bila hata kuguswa na mtu: unafunga breki, unatua kutoka hewani, au unageuka mguu ukiwa umeganda chini.

Mimi huanza na saa ya uvimbe. Goti linalojaa ndani ya saa chache kwa kawaida limejaa damu, na ACL ndiyo mshukiwa wa kwanza. Likivimba taratibu hadi kesho yake, nafikiria zaidi meniska, yaani zile gegedu mbili za umbo la mwezi mchanga zilizolala kati ya paja na ugoko. Lakini vyote viwili huumia pamoja mara nyingi tu, kwa hiyo ukichuchumaa ukachomwa ubavuni mwa goti, lisemee hilo pia.

Tafuta daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia akufanyie kipimo cha Lachman. Unalala chali, goti limekunjwa nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja unakamata paja, mwingine unavuta ugoko mbele, kisha anafanya hivyohivyo kwenye goti lako lisiloumia. Kano nzima inagota ghafla. Iliyokatika, ugoko unateleza bila kugota. Legeza paja kabisa, maana misuli ya nyuma ikikaza inaficha kila kitu. MRI, yaani picha ya sumaku inayoonesha hata kano na gegedu, ni ghali, lakini ndiyo itakayothibitisha na kuonesha hali ya meniska.

Wakati unasubiri, ndondo acha kabisa. Kila goti linapochomoka linasaga meniska, na sehemu yake ya ndani haina damu ya kuiponya. Wa kuchua na kuvuta goti "lirudi" mwambie asante.

Kazi yako sasa ni kunyoosha goti mpaka mwisho na kuamsha paja, maana msuli wa mbele hunywea haraka sana. Kaa, kisigino juu ya taulo iliyokunjwa, kandamiza goti chini kwa sekunde 5, mara 10, awamu tatu kwa siku. Baiskeli ya mazoezi inafaa, kama haikuumizi.

Upasuaji si lazima kwa kila mtu. Wa kazi ya mezani anaweza kuishi vizuri kwa mazoezi tu. Anayetaka mpira wa kugeukageuka mara nyingi hupandikizwa kano mpya. Hapo usikubali kurudi kabla ya miezi 9, na paja liwe na angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu mwingine.

Goti likigoma kabisa kunyooka, huenda meniska imekunjika ndani: nenda wiki hiihii. Na aliyeumia leo, mguu ukawa wa baridi au umekufa ganzi, apelekwe hospitali saa ileile, mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti unaweza kuwa umeumia.