Bentonaiti haivimbi, je nimeuziwa feki?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nachimba visima huku Kigamboni, sasa hii bentonaiti (udongo wa unga wa kukorogea tope la kushikilia ukuta wa shimo) ya safari hii tunakoroga gunia baada ya gunia tope halishiki, jepesi kama maji ya kuoshea vyombo, ukiacha kidogo unga wote umelala chini. Maji tunachota kisima cha jirani, yana chumvichumvi hivi. Kijana wangu anasema tumepigwa. Ila Kibaha aina hiyohiyo ilikubali freshi tu. – Fundi wa visima, Dar

JIBU: Fundi, muuzaji muache kwanza. Chukua glasi mbili, moja maji ya mvua nyingine hayo ya kisima, mwagia kila moja kijiko cha bentonaiti usikoroge, acha mpaka kesho. Ya mvua ikivimba ikawa rojorojo na ya kisima unga ukakaa chini, mzigo hauna shida, zikilala zote mbili ndo urudi dukani na hasira zako.

Mchawi ni chumvi. Bentonaiti ni vipande bapa vyembamba mno, milimita moja uigawe mara milioni ndo unene wa kipande kimoja, kina chaji hasi na ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu zimekaa katikati yake na mwenzie. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ioni zinavuta maji ndani, vipande vinaachana, tope linakuwa zito. Maji yakiwa tayari yamejaa chumvi (ya bahari ni kama gramu 35 kwa lita) mvuto huo haupo, vipande vinabaki vimegandana vilevile vilivyotoka kwenye gunia, so kuongeza magunia ni kutupa hela. Kalsiamu ndo mbaya zaidi, kidogo tu inaharibu, saruji imejaa hiyo, iwekeni mbali.

Tafuta boza la maji baridi, ya kukorogea tu. Kama ni magumu, yaani yana kalsiamu, tia magadi soda kidogo kabla ya unga, yanaishusha kalsiamu, ila chumvi ya kawaida hayaitoi usidanganywe. Acha livimbe usiku kucha. Baadaye maji ya chumvi yakiingia kutoka shimoni tope litakuwa zito ghafla na pampu itaanza kulalamika, wengi hapo wanafurahi wakidhani limekolea, kumbe vipande vinashikana na muda si mrefu linaachia maji mchangani, ukuta unameguka.

Maji baridi yakikosekana kabisa ulizia atapulgaiti, huo udongo ni vijiti sio bapa, unashika kwa kukorogwa kwa nguvu hata kwenye chumvi, ila unavujisha sana so tia na wanga au polima inayovumilia chumvi.