Msizipige laminesheni daftari za babu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Babu yetu alikuwa malenga hapa Tanga, amefariki na ameacha kasha limejaa daftari, barua na vikaratasi vya mashairi, vingine kaandika kwa hati za Kiarabu. Tunataka tuvipeleke maktaba ya chuo kikuu. Mjomba anasema kwanza zile zilizochakaa zipigwe laminesheni zisiendelee kuoza, na sisi wajukuu tumeshaanza kuchagua mashairi yaliyokamilika tuyachape vizuri, makorokoro mengine tuyapunguze. Tunaenda sawa?

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Mjomba mpeni heshima zake zote, ila hiyo mashine ya steshenari isiguse hata karatasi moja. Hili jambo la laminesheni nimelisema mpaka sauti imekauka na bado naletewa karatasi zimeshakaangwa, mtu anatabasamu kabisa anangoja nimsifu.

Watu wameshika kwamba kinachoozesha karatasi ni hewa, kwa hiyo ukiifungia kwenye plastiki imepona. Wapi! Karatasi nyingi za daftari za shule zimetengenezwa kwa mbao zilizosagwa na zina asidi humohumo ndani tangu kiwandani, asidi hiyo ndo inazigeuza rangi ya chai na kuzifanya zikatike ukizikunja, sasa wewe ukiifunga karatasi umeifungia chumba kimoja na adui yake. Halafu ile mashine inapitisha moto wa zaidi ya sentigredi 100, gundi ya plastiki inayeyuka inazama ndani ya karatasi, na kama karatasi ilikuwa na unyevu (na hapo Tanga ni lini haina?) unyevu nao unabaki humo humo. Kuna familia waliniletea ukurasa wa utenzi uliopigwa hivyo, wino umetawanyika umekuwa kama doa la zambarau, pembeni plastiki imeachia na ukungu mweusi umeingilia hapo unatambaa kuelekea katikati, nautazama kwa macho lakini siwezi kuufuta hata kwa brashi maana uko upande wa pili wa plastiki. Ubeti wa tatu wote haukusomeka tena.

Na msidhani ni ushamba wa uswahilini tu. Marekani kulikuwa na bwana mmoja William Barrow, kuanzia miaka ya 1930 akawa anafunika karatasi za kale kwa utando wa asetati (aina ya plastiki nyembamba), kwa joto na kugandamiza, na taasisi kubwa kubwa zikamfuata, nyaraka kibao zikapita humo. Miaka ilivyoenda asetati yenyewe ikaanza kuchakaa na kutoa asidi, mafaili mengine ukiyafungua yananuka siki, na mafundi wa uhifadhi wameachiwa kazi ya kuutoa ule utando karatasi moja moja. Tena hao afadhali, asetati inayeyuka kwenye kimiminika cha asetoni. Hiyo ya steshenari yenu kuitoa ni kuichana karatasi yenyewe.

Mimi kila dawa ya mtaani naiuliza kitu kimoja, kesho nikitaka kukuondoa utaondoka? Selotepu haiondoki, inaacha gundi ya njano imeingia mpaka ukurasa wa nyuma. Pini za stepla zinaondoka ila kutu inabaki. Biro haiondoki, na hapa niseme kabisa kwa sababu mna hati za Kiarabu: utakuta kijana mwenye nia njema anachukua biro anaandika tafsiri ya herufi za kawaida katikati ya mistari ya babu yake. Jamani! Chukua karatasi nyingine, tumia penseli, andika huko.

Sasa huko kuchagua ndo kunaniumiza zaidi ya laminesheni, maana kilichotupwa hakina fundi. Mnachokiita makorokoro ndo maktaba inachokitaka. Shairi safi lililochapwa linaonyesha babu alifika wapi, lile daftari lenye neno limekatwa mara tatu mwisho wa ubeti linaonyesha alivyokuwa anahangaika na kina, na kama nyuma ya ukurasa kuna hesabu ya duka au tarehe ya harusi ya mtu basi mmeshajua aliandika kipindi gani. Shaaban Robert alifariki 1962, na leo tunasoma barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 kwa sababu aliyeandikiwa alizitunza, barua za ndugu kwa ndugu, hazikuwa diwani. Hata Muyaka wa Mombasa, aliyekufa karibu 1840, mashairi yake tungeyapata wapi kama Mwalimu Sikujua asingeyaandika kwa hati za Kiarabu wakati anafanya kazi na mmishonari Taylor? Makaratasi hayo yako London, kwenye chuo cha SOAS, na wasomi bado wanayarudia kuangalia wachapaji walisoma wapi vibaya. Kitabu kimoja kilichopigwa chapa hakitoshi.

Kwa hiyo acheni kila kitu kilivyo kwenye kasha, hata mpangilio msiuvuruge, barua ikiwa na bahasha yake ibaki nayo. Ondoeni kasha sakafuni na mbali na ukuta unaopata mvua, msipulizie dawa ya wadudu, msianike juani. Mkiona mchwa au ukungu, zile zilizoathirika zitengeni na muwapigie maktaba mapema, wasikutane nazo mlangoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana hazina ya miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na kina J.W.T. Allen, msomi wa Kiswahili, na katalogi yake ilitoka 1970, kwa hiyo daftari la hati za Kiarabu kwao sio kioja.

Kabla ya kusaini, someni. Kukabidhi karatasi sio kukabidhi hakimiliki, kwa sheria ya Tanzania Bara hakimiliki inaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufa, hivyo iandikwe wazi nani anaruhusu kuchapisha, na barua zenye siri za watu walio hai zifungwe kwa muda gani.

Na kuna hawa mabwana wanaopita nyumba za wafiwa siku hizi na skana, "nipeni kasha nikaskani kwangu niwaletee flashi". Kuskani ni kuzuri, lakini flashi inakufa, simu inaibiwa, na kasha likishatoka mtaanza kulitafuta kwa simu isiyopokelewa. Akitaka kweli kusaidia aje na mashine yake, akae hapo sebuleni mbele ya shangazi, askani, mpikieni na chai, jioni aondoke na mashine yake tu.