Mimi niliacha kazi kwa "Bwana amesema". Soma kabla hujapeleka barua

Mkuu mleta mada, uzi wako nimeusoma mara mbili. Umesema nabii kakuambia uache ualimu kabla mwezi haujaisha, moyo wako unawaka moto, watu watatu wamekuthibitishia, na sasa unauliza utajuaje kama ni Mungu au ni sauti nyingine. Waliokutukana huko juu wasamehe bure, na hao wa "amini tu usiogope" nao wasikuharakishe. Haya yalinikuta mimi kwa hiyo naandika kirefu, asiyependa magazeti apite.

2017 nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja ya usafirishaji Mbeya. Mshahara haukuwa wa kutamba ila ulikuwa unaingia. Kanisani nilikokuwa nasali, maeneo ya Mwanjelwa, akaletwa nabii mgeni, semina siku tatu. Siku ya pili jioni akakatisha mahubiri akaninyooshea kidole, wewe kaka wa shati la drafti njoo hapa mbele. Nikaenda miguu inatetemeka. Akasema Bwana ananionyesha upo kwenye stoo na mlango wake umeshika kutu, Bwana anasema toka, biashara ya nafaka inakungoja, usipotoka ndani ya siku saba mlango unahamia kwa mwingine. Aisee nilienda chini, kanisa zima linapiga kelele za shangwe.

Ile fomu nilikuja kuikumbuka baada ya miezi mingi sana. Siku ya kwanza wahudumu waligawa karatasi pale mlangoni, jina, simu, kazi, na chini kabisa "hitaji lako kwa Bwana". Nikaandika kwa mkono wangu, kalamu nimeazima kwa dada aliyekaa pembeni yangu: nimechoka kuajiriwa, naomba Mungu anifungulie biashara ya mchele. Sikumuona nabii akiisoma, hilo siwezi kuapa. Ila kila alichoniambia kilikuwa kwenye ile karatasi, isipokuwa zile siku saba.

Nafika nyumbani mke wangu anamenya viazi. Nikamsimulia huku nalia. Akasema, "Baba Neema, kama ni Mungu si atakuwepo hata mwezi ujao? Tungoje mwezi mmoja tu." Nikamwambia ana roho ya Yezebeli, yule malkia aliyewapinga manabii wa Mungu. Hakujibu, akaendelea kumenya, ile sauti ya kisu kwenye kiazi naisikia mpaka leo.

Siku ya sita nikaacha kazi. Kwenye mafao laki sita ikaenda madhabahuni, sadaka ya kujimaliza, iliyobaki nikanunua mchele Kyela kupeleka Dar. Mzigo wa kwanza ulirudisha hela yake tu, wa pili ukaloa njiani, wa tatu sikuwa na mtaji. Mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye ada ya chuo cha ufundi nilikuwa nalipa mimi, akarudi nyumbani amebakiza mwaka mmoja.

Mama yangu yupo Tukuyu, Mmoraviani wa siku zote, sijawahi kumsikia akisema ameona maono. Nilipoenda kumwambia yaliyonikuta hakunilaumu, aliniuliza tu: "Mwanangu, kabla huyo mtu hajaja, wewe Mungu alikuwa amekuambia nini?" Nikabaki naangalia chini maana jibu nilikuwa nalo. Kaka alipofariki 2015 niliomba wiki nzima, nikasimama mbele ya ndugu nikasema hawa watoto nitawasomesha mimi, na nilikuwa na amani kabisa. Hilo halikuwa limefutwa na mtu yeyote. Nililiacha mwenyewe kwa sababu limekuja neno jipya lenye kelele zaidi.

Usiku ule akanifungulia 1 Wafalme 13. Nilishaisoma zamani ila sikuwahi kuiona vile. Mtu wa Mungu katoka Yuda, kaambiwa na Mungu mwenyewe asile mkate wala asinywe maji huko Betheli na asirudi kwa njia aliyoendea. Mfalme akamkaribisha, akakataa vizuri tu. Halafu anatokea nabii mzee, nabii kabisa sio mganga, anamwambia mimi nami ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe ule. Na Biblia inasema wazi alimdanganya. Jamaa akarudi akala, akiwa njiani kuondoka simba akamuua. Angalia hapo mkuu, ofa ya mfalme aliishinda, kilichommaliza ni mtu mwenye lugha kama yake. Ndio maana nikisikia wanasema "shetani utamjua tu" huwa nacheka kidogo.

Kwa hiyo swali langu kwako ni lile la mama. Wewe Mungu alishakuambia nini kabla ya semina? Una wazazi unaowatunza, una mke, una mkopo benki (walimu tunawajua), una wanafunzi? Hayo nayo ni neno, usiyaone madogo kwa sababu hayakuja na kipaza sauti.

Kuhusu watu watatu waliokuthibitishia. Mimi walikuwa watano, na wote tulikuwa grupu moja la WhatsApp la maombi, wote walikuwepo semina ile ile. Huo ni mwangwi tu. Soma 1 Wafalme 22, mfalme Ahabu aliuliza kama aende vitani, alikuwa na manabii kama 400, wote jibu moja panda ukashinde, akabaki nabii Mikaya peke yake anampinga na wote wanamuona mkorofi. Ahabu alienda na hakurudi hai. Ukitaka uthibitisho nenda kwa mtu ambaye hakuwepo na hafaidiki na chochote, ikiwezekana asiyekupenda sana.

Na ule moto moyoni... mimi nilikuwa nao, tena nilikuwa nimefunga siku tatu kwa maji. Ukifunga hivyo kisha ukatajiwa kitu ulichokitamani miaka minne lazima uwake. Sikatai kwamba Roho anagusa moyo, ila moyo unawaka hata kwa mechi ya Simba na Yanga.

Wengi humu wanasema nabii wa uongo utamjua kwa hela. Haitoshi. 2011 kule Samunge, Loliondo, kikombe cha Babu, ile dawa ya kunywa, kilikuwa sh. 500 tu, mzee mwenyewe mchungaji mstaafu wa KKKT anasema ameoteshwa na Mungu, na bado wapo wagonjwa walioacha ARV, dawa za Ukimwi, wakidhani wamepona. Wengine wanasema sauti ya Mungu ni ile inayokuambia usichokitaka. Nayo haitoshi, wale waumini wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, 2023 waliambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ili wamuone Yesu, nani anatamani hilo, na miili iliyofukuliwa ilipita 400. Kwa hiyo mimi sina kipimo kimoja cha kukupa, anayekuambia anacho muogope.

Nilichokuja kukishika ni kwamba sauti ya Mungu haikasiriki ukiikagua. Samweli akiwa mtoto aliitwa na Mungu mara tatu akakimbilia kwa kuhani Eli mara zote tatu akidhani ndiye anayemwita, kakosea kabisa, na Mungu hakusema umechelewa nahamia kwa mtoto mwingine. Akaita mara ya nne. 1 Yohana 4 inasema "zijaribuni hizo roho", ni amri hiyo, sasa nabii anayekuambia kuuliza ni kukosa imani huyo anakukataza kutii Biblia. Siku saba zangu na mwisho wa mwezi wako, hapo ndipo ningeanzia kushtuka.

Naomba nikupe na upande wa pili usije ukadhani sasa siamini. 2019, nimeshapata kibarua cha kuuza vifaa vya ujenzi, likanijia wazo katika sala zangu za kawaida tu asubuhi, niende nikamuombe msamaha bosi wangu wa zamani. Nilimuaga kwa dharau, nilimwambia wewe ni Farao. Hakuna aliyenitabiria. Nikapinga wiki tatu, linarudi, halina haraka, halinitishi, nikimwambia mke wangu anasema hata mimi naona hivyo, nikifungua Mathayo 5 lipo. Nikaenda. Kazi hakunirudishia, alinipa chai tukaongea kama dakika ishirini, akacheka kuhusu Farao. Basi. Hakuna ushuhuda wa gari jipya hapo, ila nilirudi nyumbani na daladala nimelala usingizi mpaka nikapitilizwa kituo.

Huyo nabii wako mpigie, mwambie umelipokea neno ila unaomba miezi mitatu uliombee na familia, halafu msikilize anajibu nini. Na hiyo barua ya kuacha kazi unayosema umeshaiandika, mpe mkeo aisome kwanza.