Barua kwa mwanangu kuhusu gazeti la njano

Nairobi,
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mguu wangu unaendelea kupona, usiwe na wasiwasi, na dada yako alipita jana akaniachia unga na mboga. Nimekaa na swali lako tangu uliponipigia Jumanne. Uliniambia kwamba tajiri mmoja hapo Kisumu, mwenye duka la baiskeli, amejitolea kulipia jarida lenu la baiskeli mwaka mzima, uchapishaji mpaka mishahara. Ukaniuliza: "Mama, wewe umeuza magazeti miaka yote hiyo. Tuzichukue pesa zake?" Nikakuambia niache nifikiri. Nimefikiri, na jibu langu haliingii kwenye simu.

Kuna gazeti moja la Ufaransa lililopita njia hiyohiyo mnayotaka kuipita ninyi, na nataka nikusimulie habari zake kabla hujatia sahihi popote.

Unajua meza yangu ilivyokuwa pale Jogoo Road, karibu na City Stadium. Alfajiri wapanda baiskeli walipita kwa makundi wakielekea Industrial Area, wengi wao juu ya zile baiskeli nzito nyeusi tunazoziita Black Mamba. Wengine walisimama wakanipa shilingi chache wasome ukurasa wa michezo palepale, mguu mmoja ardhini, kisha wakanirudishia gazeti likiwa limekunjwa vizuri. Wao ndio walionifanya nipende habari za baiskeli. Kisha ikaja Julai 2013. Chris Froome, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa kupanda baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, Jumapili ya tarehe 21. Jumatatu asubuhi magazeti yaliisha kabla jua halijapanda. Ni kweli alikimbia chini ya bendera ya Uingereza, na watu walibishana sana juu ya hilo mbele ya meza yangu, lakini walinunua. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini mshindi anavishwa jezi ya njano na si rangi nyingine. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila nilichokipata juu ya mbio hizo, na jibu lilinirudisha kwenye kazi yangu mwenyewe, kwenye magazeti.

Zamani, Paris kulikuwa na gazeti la michezo lililoitwa Le Vélo, likichapishwa kwenye karatasi ya kijani. Lilianza mwaka 1892, na mhariri wake alikuwa Pierre Giffard. Huyu Giffard si mtu mdogo katika habari hii. Mwaka 1891, akiwa bado kwenye gazeti la Le Petit Journal, ndiye aliyeandaa mbio za kutoka Paris hadi Brest na kurudi Paris, zaidi ya kilomita 1,100, na Charles Terront akashinda kwa kukesha barabarani siku tatu mchana na usiku. Giffard aliona mapema kwamba gazeti likiandaa mbio, habari inakuwa yake. Le Vélo likawa kubwa, na watengenezaji wa baiskeli, tairi na magari wakajaza kurasa zake kwa matangazo.

Kisha ikaingia siasa. Ofisa mmoja wa jeshi, Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, alikuwa amehukumiwa mwaka 1894 kwa uhaini ambao hakuutenda, na Ufaransa nzima ikagawanyika pande mbili, nyumba kwa nyumba. Giffard alisimama na waliosema Dreyfus hana hatia. Mlipaji wake mkubwa wa matangazo, Comte de Dion, mtengenezaji wa magari, alikuwa upande wa pili. Juni 1899 kukatokea fujo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Auteuil, Rais Émile Loubet akapigwa fimbo kichwani, na de Dion akafungwa siku 15 kwa kushiriki fujo hizo. (Ndiyo siku zilezile reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikifika hapa Nairobi, mji wetu ukiwa kambi tu ya mahema.) Giffard hakunyamaza. Alimlaumu de Dion kwa maandishi.

Mwanangu, mtangazaji akikasirika haandiki barua kwa mhariri. Anaondoa tangazo. De Dion aliondoka, na pamoja naye wakaja wengine waliokuwa na malalamiko yao, wakiwemo Édouard Michelin wa tairi na Adolphe Clément wa baiskeli. Wakachanga pesa, wakaanzisha gazeti lao ili kulimaliza la Giffard. Likatoka tarehe 16 Oktoba 1900 kwa jina la L'Auto-Vélo, na kwa kuwa mshindani wao alikuwa kijani, wao wakachagua karatasi ya njano. Aliyewahi kupanga magazeti mezani ataelewa mara moja. Mteja anayepita haraka hasomi jina, anaona rangi.

Mhariri waliyemchukua ni Henri Desgrange, mtu aliyewahi kuweka rekodi ya umbali wa kupanda baiskeli kwa saa moja, mwaka 1893, kilomita 35.325. Alijua baiskeli, na alijua nidhamu mpaka watu wakamchoka. Lakini hapa ndipo nataka usome polepole. Gazeti lilikuwa na pesa za matajiri watatu wakubwa, lilikuwa na matangazo yao, na bado halikuuzwa. Miaka miwili baadaye lilikuwa linatoa nakala 25,000 hivi na kuelekea kufa. Januari 1903 mahakama ikawaamuru waondoe neno "Vélo" kwenye jina, kwa sababu lilikuwa la Giffard. Likabaki L'Auto. Hebu fikiria: gazeti la baiskeli lililonyang'anywa jina la baiskeli.

Hasira ya tajiri inaweza kuzaa gazeti. Kumfanya mtu atoe sarafu mfukoni asubuhi ni kazi nyingine kabisa, na pesa ya tajiri haiiwezi.

Kilichowaokoa ni wazo la kijana. Novemba 1902 Desgrange aliwaita watu wake kutafuta njia ya kuliokoa gazeti, na mwandishi wa baiskeli, Géo Lefèvre, kijana wa miaka ishirini na ushei, akasema: kwa nini tusiandae mbio za kuizunguka Ufaransa nzima, Tour de France? Wengine wanasimulia kwamba alisema tu ili naye awe na la kusema. Desgrange akampeleka kula chakula cha mchana, wakazungumza, kisha akaenda kwa Victor Goddet aliyeshika pesa za gazeti. Mtu wa hesabu ndiye angesema hapana. Goddet akasema ndiyo.

Mwanzoni wapandaji waliojiandikisha walikuwa wachache mno. Kiingilio kilikuwa faranga 20 na mbio zilipangwa kuchukua zaidi ya mwezi, na ni fundi gani angeacha kazi mwezi mzima? Desgrange akapunguza kiingilio hadi faranga 10, akafupisha siku hadi 19, akaahidi posho ya faranga 5 kwa siku. Ndipo wakaja. Tarehe 1 Julai 1903, wapandaji 60 waliondoka mbele ya mkahawa mmoja huko Montgeron, nje ya Paris: hatua sita, yaani vipande sita vya safari, kilomita 2,428. Hatua ya kwanza peke yake, hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467. Walipanda usiku kucha, kwenye barabara za vumbi na mawe. Desgrange mwenyewe hakwenda. Lefèvre ndiye aliyewafuata, mara kwa treni, mara kwa baiskeli, akiwa mwamuzi, mshika saa na mwandishi kwa pamoja.

Aliyeshinda ni Maurice Garin, mzaliwa wa Italia ambaye utotoni kazi yake ilikuwa kusafisha mabomba ya moshi. Alimwacha wa pili kwa karibu saa tatu. Waliofika mwisho walikuwa 21 tu.

Na gazeti? Mauzo yakapanda hadi nakala 65,000 hivi. Mwaka uliofuata Le Vélo likafa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na naona jibu lilikuwa mezani kwangu miaka yote. Mwaka 1903 hakuna redio wala televisheni. Mtu wa Nantes amewaona wapandaji wakipita mtaani kwake kwa dakika moja, uso umejaa vumbi, kisha wamepotea. Anataka kujua nani alifika mbele. Hawezi kujua ila kesho, na ila kwa karatasi ile ya njano. Ni kama Jumatatu baada ya Gor Mahia kucheza na AFC Leopards: mtu alikuwa uwanjani, ameona kwa macho yake, na bado alikuja kwangu alfajiri kusoma kilichotokea. Gazeti lilimfaa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwemo ndani ya habari.

Mengine nitayapitia haraka. Mwaka 1904 mbio zilijaa udanganyifu. Kulikuwa na waliopanda treni, misumari ilimwagwa barabarani, na mashabiki waliwapiga wapinzani wa kijana wao. Wanne wa kwanza wakanyang'anywa nafasi, Garin akiwemo, na ushindi ukapewa Henri Cornet wa miaka 19. Desgrange akaandika kwamba mbio zimekwisha, zimeuawa na mafanikio yake zenyewe. Hazikwisha. Jezi ya njano ilivaliwa mara ya kwanza mwaka 1919 na Eugène Christophe, na wengi wanasema rangi ilitoka kwenye karatasi ya gazeti. Ningelimjibu hivyo yule mzee wa Jogoo Road, sema hakurudi kuniuliza tena. Giffard naye baadaye aliandikia gazeti hilohilo lililoanzishwa kumwangusha.

Mwisho wake ndio ulionihuzunisha. Mwaka 1940, wakati wa vita, Wajerumani wakaitwaa Paris, Desgrange akafariki, na L'Auto likaendelea kuchapishwa chini ya Wajerumani. Paris ilipokombolewa mwaka 1944 likafungwa kwa sababu hiyo. Jacques Goddet, mtoto wa yule mshika pesa, akaanzisha L'Équipe tarehe 28 Februari 1946, lakini kwa karatasi nyeupe, maana ile njano ilikuwa imeshachafuka. Mbio zikaanza tena mwaka 1947. Gazeti lilikufa, mbio zikabaki, na tarehe 1 Julai 2024, siku ileile walipoondoka Montgeron, Biniam Girmay wa Eritrea akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Akamaliza na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi. Najua jezi hiyo ilianza mwaka 1953 na haihusiani na Le Vélo, lakini nilipoiona nilimkumbuka Giffard.

Sasa nikujibu. Mkono mtupu haulambwi, mwanangu, sitakuambia mumfukuze huyo tajiri. Mwuzieni ukurasa. Alipe bei ileile ambayo mwingine yeyote atalipa, hata fundi wa tairi wa Kondele akitaka kona ndogo ya ukurasa. Lakini mishahara yenu msiiweke mkononi mwake. Giffard alitikisika kwa sababu alitegemea wachache wenye pesa nyingi, na wachache hao walijuana. Tafuteni wengi wenye kidogo, hata kama mtachelewa kutoka. Afadhali mtoke mara moja kwa miezi mitatu.

Na tafuteni mbio zenu. Simaanishi lazima muandae mashindano, pesa zake hamna. Namaanisha kitu ambacho mtu wa Kisumu hawezi kukipata ila kwenu. Ulinisimulia juu ya wanaume wa boda wanaobeba abiria kwa baiskeli jua kali. Mmoja wao hupanda kilomita ngapi kwa siku? Tairi linamdumu miezi mingapi? Spoki, tyubu na mnyororo vinauzwa bei gani sokoni Kibuye, na bei gani madukani mjini? Andikeni hayo kila toleo, bila kukosa, bei kando ya bei, duka kando ya duka. Mtu wa namna hiyo atatoa shilingi zake, nakuhakikishia, kwa sababu nimewauzia watu kama yeye maisha yangu yote, na hawanunui maneno matupu.

Hapo ndipo penye swali la kumwuliza tajiri wenu kabla hamjala hata shilingi yake. Mwambie: siku tukilinganisha bei za maduka yote ya mjini, na duka lako likawa ghali kuliko yote, orodha hiyo itachapishwa? Usimtumie ujumbe. Nenda dukani kwake, mkae, mwulize ana kwa ana, na umtazame uso kabla hajajibu. Kisha nipigie, hata kama ni usiku.

Gazeti la Jumatatu ile ya Julai 2013 nimekuwekea moja, limo kwenye sanduku chini ya kitanda. Ukija Desemba ulichukue.

Ni mimi mama yako.