GEREJI YA JUMAMOSI: Kuku wamelala juu ya boneti miaka kumi na tisa

Maswali ya wanaofufua magari ya zamani ya porini. Anajibu fundi wenu wa Arusha.

*Shikamoo fundi. Baba alituachia Landrova ndefu, 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), ya petroli. Iko chini ya mwembe hapa Babati na haijawashwa kwa miaka kumi na tisa. Kadi inasema ni ya 1969. Kaka zangu wanataka kuiuza chakavu kwa kilo, mimi nataka itembee. Nimeshanunua betri na rangi ya kijani. Jumapili kuna jirani atakuja na trekta tuivute, labda itawaka. Je, niko sawa? – Binti wa Babati*

Marahaba mwanangu. Rangi irudishe dukani kama watakubali kuipokea, na jirani mwambie trekta lake libaki shambani.

Injini iliyolala muda huo ringi zake zimeshikana na silinda. Ukiivuta kwa trekta ikiwa kwenye gia, kitu kimoja kitalegea: ama kutu, ama ringi. Mara nyingi ni ringi. Fungua plagi zote nne, mimina kwenye kila tundu vijiko viwili vya oili uliyochanganya na dizeli, kisha nenda kaendelee na shughuli zako siku tatu. Ukirudi, ingiza ile hendeli ya chuma kwenye tundu la bampa ya mbele na ujaribu kuzungusha polepole, plagi zikiwa bado nje. Mkono wako utakwambia mambo ambayo betri haiwezi kukwambia. Ikigoma, ongeza oili na usubiri tena. Usiipigie nyundo.

Lakini hata hiyo siyo kazi ya kwanza. Ya kwanza ni namba ya chasisi. Chukua kadi, lala chini upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa na ncha ya chasisi. Namba imegongwa pale. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, na fundi yeyote asikaribie mahali hapo na grinda. Namba ikishasagwa utakuwa na gari zuri lisilo na mwenyewe mbele ya sheria.

Kisha simama mbele uliangalie usoni. Macho yake, yaani taa, yako wapi? Za zamani taa zilikaa katikati, karibu na wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamia kwenye madigadi. Wavu ukiwa wa plastiki, uso huo umetoka kwenye Series III, yaani toleo la tatu la Landrova, iliyoanza 1971. Ingia na ndani: kama geji ziko katikati ya dashibodi ni Series II au IIA, kama ziko mbele ya dereva ni III. Usishtuke ukikuta mchanganyiko. Landrova nyingi za huku kwetu ni ndugu watatu waliojifunika shuka moja.

Sasa chasisi, ambayo ndiyo gari lenyewe. Kaka zako wanaiona bodi kwa sababu wanajua bei ya alumini. Landrova ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, wakatumia bati la alumini lililochanganywa na manyesiamu. Ndiyo maana bodi ya baba yako bado inang'aa ukiikwaruza. Chasisi ni chuma. Tena ni boksi: vibamba vimechomelewa pande nne, ndani ni uwazi, tope huingia na kukaa humo. Inaliwa kutoka ndani huku nje ukiona rangi nzima. Chukua nyundo ndogo uigonge kuanzia mbele hadi nyuma. Palipo pazima panalia ngo! Palipooza panasema pwa, na nyundo inaacha shimo. Gonga sana mtaimbo unaokingama nyuma kabisa, vishikio vya springi, na miguu ya kile kibati kigumu kinachotenga injini na magoti ya dereva.

Nakwambia haya kwa sababu gari langu la kwanza nililianza kwa rangi, kama wewe. Nilipiga puti, nikapiga kijani, nikapiga na mstari mweupe juu kwa madaha. Mwezi uleule nikaenda kuvuta tela la mahindi barabara ya Monduli. Nilisikia mlio, nikaangalia kioo, nikaona tela limesimama nyuma yangu pamoja na mtaimbo wa nyuma wa chasisi yangu, na mimi naendelea na safari.

Kuku waondoe leo. Kinyesi chao kinakula rangi na alumini pia. Na popote bodi ya alumini ilipofungwa moja kwa moja kwenye chuma, ukifungua utakuta unga mweupe. Metali hizo mbili zikipata unyevu alumini ndiyo inayoliwa. Wakati wa kurudisha, weka kipande cha mpira katikati au pakaza rangi nzito pande zote mbili. Rangi ya juu itafuata baadaye sana, na chini yake iwe praima inayoshika alumini. Ukiweka ya kawaida itabanduka kama ganda la kitunguu.

Usiifungue peke yako. Paa la 109 linataka watu wanne, na watu wanne wakishakunywa chai pamoja, Jumamosi inayofuata wanarudi wenyewe. Sisi tulianza hivyo: mwalimu wa fizikia, dereva mstaafu wa watalii, kijana wa kuchomelea, na mimi. Kila bolti inayotoka iingie kwenye kopo la maziwa lenye karatasi: “mlango kushoto juu”, “digadi kulia”. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa. Mwalimu wetu alidharau makopo, akasema ana kumbukumbu nzuri. Mpaka leo ana bolti kumi na moja zisizojulikana zinatoka wapi, na gari linatembea, jambo linalotutia wasiwasi sote.

Spana ni za inchi. Fundi atakuja na namba 13 na itaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza, kwani nusu inchi ni milimita 12.7. Nati iliyokaa nusu karne ikizungushwa na spana inayocheza inakuwa duara. Tafuta 7/16, 1/2 na 9/16, hizo tatu zitafungua sehemu kubwa ya gari.

Na kabla injini haijawaka, breki. Mpira wote wa mfumo ule umekufa: mipira ya silinda kuu, ya magurudumu yote manne, na mipaipu inayopinda. Nunua yote mipya. Gari lisilowaka halijamgonga mtu.

*Habari yako fundi. Nina Series IIA ya 1964 hapa Nanyuki. Nilifungiwa redio, ikatoa moshi siku hiyohiyo. Fundi wa umeme ameweka nyingine, nayo imeungua. Anasema gari lina mapepo. – Msomaji wa Nanyuki*

Nzuri ndugu yangu. Gari halina mapepo, lina chanya kwenye bodi. Magari haya hadi 1967 hivi yalifungwa nguzo chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na magari unayoyajua. Redio ya siku hizi inategemea bodi iwe hasi, kwa hiyo umeme uliingia kwa mlango wa nyuma.

Unaweza kuligeuza kwa asubuhi moja. Geuza nyaya za betri. Geuza nyaya mbili za geji ya ampea, la sivyo itasoma kinyumenyume. Geuza nyaya za koili, zile zenye alama SW na CB. Halafu dainamo, inayochaji betri, lazima ifundishwe upya upande wa umeme: toa nyaya zake mbili, chukua waya kutoka nguzo chanya ya betri, na uguse ncha ya dainamo iliyoandikwa F mara mbili tatu, kwa kudokoa tu. Ukisahau hapo haitachaji. Mwisho andika HASI kwa rangi kubwa chini ya boneti, kwa ajili ya fundi atakayekuja wewe ukiwa hupo.

*Fundi, nimenunua Landrova fupi. Jamaa wananishauri nitoe injini niweke ya dizeli ya Kijapani. Unasemaje? – Mfugaji, Kiteto*

Kama ni ya kubeba maziwa kila alfajiri, weka, na wala usiombe radhi kwa mtu. Ila breki zile za ngoma zilipimwa kwa injini ya petroli yenye nguvu za farasi 77, hivyo zishughulikie kabla hujaanza kujisifu kwa mwendo. Namba ya injini iko kwenye kadi, nenda ukaandikishe mabadiliko. Injini ya zamani ipake grisi, ifunge kwa turubai, usiiuze. Mjukuu wako ataiulizia.

*Fundi, tuko sita hapa Mwanza. Mwenzetu mmoja aliazima giaboksi langu la akiba, nasikia ameliuza. Nikimuuliza anasema gari ni la kikundi. – Niliyedhulumiwa*

Pole. Sina dawa ya giaboksi hilo zaidi ya kumfuata na mashahidi wawili mnaowaheshimu wote. La kukusaidia siku zijazo ni daftari. Letu limefungwa kwa kamba mlangoni: spea gani, nani katoa, nani kachukua, na neno moja kati ya matatu: KAPEWA, KAAZIMWA, KANUNUA. Tulilianzisha baada ya saidi shafti mbili, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu, kuhama nyumba. Anayeona haya kuandika, asiondoke na chuma.

*Mimi siyo mpenzi wa magari. Mume wangu yumo kwenye kikundi kama chenu. Kabureta iko juu ya meza yangu ya kioo tangu Pasaka, na jana nimemkuta anaisugua pale pale juu ya kioo kwa msasa! Mwambie kitu. – Mama wa Moshi*

Mama yangu, nakusikitikia, lakini mumeo anajua anachofanya. Kama ni kabureta ya aina ya Zenith, mfuniko wake hupinda kwa kukazwa na joto, petroli inapita inapotaka, na gari linazimika kila likisimama. Dawa ni kuusugua mfuniko juu ya kitu kilichonyooka kabisa, na nyumba nyingi hazina kitu kilichonyooka kuliko kioo cha meza.

Hata hivyo meza ni yako. Kipande cha kioo cha dirisha kinatosha, akiweke juu ya ubao sakafuni. Msasa uwe namba 400, uwe na maji, na asugue kwa kuzungusha kama namba nane, siyo mbele nyuma. Akiona mfuniko wote umekuwa na rangi moja, aache. Ni kazi ya nusu saa, siyo ya tangu Pasaka.