Kabla seremala hajagusa hiyo Noah, toa kadi ya gari usome kilo

Mkuu, usitume hiyo advansi. Kama umeshatuma, mpigie simu seremala sasa hivi asikate mbao.

Nilivyosoma swali lako nilidhani mke wangu ndiye kaliandika kwa akaunti nyingine ili anikejeli. Wewe na mchumba wako mnapenda porini, mmechoka kulala kwenye hema linalovuja, mnataka kugeuza gari kuwa nyumba ya safari, mna milioni 25, mmeona Noah old model safi yadi, na kuna seremala wa Keko, Dar, keshawachorea vya kuweka humo: kitanda, makabati, sinki, jiko na bafu la nje. Unauliza uchukue Noah, Hiace au Delica, petroli au dizeli, 4WD ni lazima au la, bima inakuwaje, sola ya ukubwa gani, na wapi pa kulala salama njiani. Ukibadilisha milioni 25 ukaweka 24, huyo ni mimi mwaka 2021. Hata seremala ni wa Keko. Naomba Mungu asiwe yule yule.

Waliotangulia kukujibu wanabishana rangi na ulaji wa mafuta. Sina muda huo. Nina kitu kimoja tu cha kukuambia, na kilinigharimu.

Nilinunua Noah old model ya petroli kwa milioni 13 na nusu. Gari halikuwa na tatizo lolote. Hilo naliweka wazi kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki watu wanaanza kuitukana Noah. Noah haikunikosea. Waliokosea ni mimi na wanaume wawili.

Wa kwanza ni huyo seremala. Nilimuuliza kwa mdomo wangu huu, "Fundi, uzito hautasumbua?" Akacheka mpaka akaweka randa chini. "Bosi, Noah za kule Arusha zinabeba watu kumi na nne na mbuzi juu ya keria. Nyinyi mko wawili. Uzito gani?" Mimi na elimu yangu yote nikaona kaongea hekima. Nikampa milioni 5.8. Akanitengenezea kitanda cha mninga, mkuu, mninga mtupu, miguu imechongwa kama ya kitanda cha harusi. Makabati ya MDF, zile mbao nzito za unga wa mbao ulioshindiliwa, pande zote mbili. Halafu akaja na wazo lake la bafu: tangi la lita 100 juu ya keria ya chuma, "maji yatashuka yenyewe, huhitaji pampu". Nikamsifia. Nilimnunulia na soda.

Wa pili ni jamaa wa YouTube, mzungu mmoja na mpenzi wake na mbwa wao, wanaishi kwenye gari lenye sakafu ya mbao na oveni. Nilitazama video zake zote. Hakuna hata moja aliyonikumbusha kwamba gari lake ni Sprinter, gari la mizigo, na kwao Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo inakomea kilo 3,500, kwa hiyo wenzetu hao kabla ya kupigilia msumari wanapima. Yeye alikuwa anapima, ila hakuonyesha. Alichoonyesha ni taa za mapambo. Nikanunua na taa za mapambo.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa mwezi wa pili, Dar hadi Hifadhi ya Kitulo tukaone maua, halafu tushuke Matema tukaoge Ziwa Nyasa. Tulitoka saa tisa usiku kukwepa foleni. Kuanzia Chalinze kila lori linalokuja mbele linanipigia taa full. Nikawa nawatukana madereva, nikimwambia mke wangu watu hawana ustaarabu barabarani. Kumbe springi za nyuma zimelala, pua ya gari imeinuka, na taa zangu zinawachoma machoni. Gari lilikuwa linanieleza tangu Chalinze, mimi nikaongeza sauti ya redio.

Mikumi tukapita taratibu, kile kipande cha barabara kinachokatiza hifadhi kwa kilomita 50, tukipiga picha twiga, furaha tele. Ila kwenye kona nikaanza kuona kitu: gari linapinda, linamaliza kupinda, halafu maji ya juu nayo yanakuja kupinda peke yake. Kama una abiria mlevi darini. Nikajiambia nitazoea.

Ruaha Mbuyuni tukasimama tukanunua nusu gunia la vitunguu, maana pale ni bei rahisi. Hapo mke wangu huwa anacheka mpaka leo, kwamba hata mwenye kuzama huacha kubeba mawe.

Kisha Kitonga. Asiyeujua ule mlima auone kwanza, kona juu ya kona, malori yako gia namba moja, na huna pa kupita. Noah old model injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo taarifa ya joto haikuanzia kwenye mshale wa dashibodi, ilianzia makalioni. Mke wangu akasema, "Wewe, kiti kinachoma." Nikamwambia ni jua. Dakika tano baadaye mshale uko juu, kuna harufu ya mafuta ya gia yaliyoungua, nakanyaga, injini inalia, gari haliendi. Halafu likaanza kurudi nyuma. Nyuma yangu kuna lori la mbolea.

Gari kuharibika, bili, hayo yote unaweza kucheka baadaye. Zile sekunde sijazicheka bado. Nimekanyaga breki kwa miguu miwili na pedali inazama, mke wangu kanishika mkono wa shati. Utingo wa lile lori akaruka chini na jiwe, akalisukumiza nyuma ya tairi. Sikuwahi kujua jina lake. Akatuangalia, akaangalia tangi juu ya keria, akasema "poleni", akaenda kutafuta jiwe la pili.

Yale maji ya bafu tuliyamalizia kwenye rejeta. Hatukuoga hata siku moja kwa tangi lile.

Gia boksi ya otomatiki ilikuwa imekwenda. Tukavutwa hadi Ipogolo, Iringa. Mzee mmoja fundi akafungua mlango wa nyuma, akatazama mninga, akatazama makabati, akaufunga polepole akaniuliza, "Mmehama?" Siku nne gesti tukisubiri gia boksi itoke Ilala ije kwa basi. Pamoja na kuvutwa, gesketi na ufundi, milioni 3.1. Juu ya zile 23 na ushee nilizokuwa nimeshatumia.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha hesabu ambayo nakuomba uifanye leo kabla hujala. Chukua kadi ya gari. Kuna uzito wa gari likiwa tupu na kuna uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Toa cha kwanza kwenye cha pili. Yangu ilikuwa 1,580 na 2,020. Tofauti kilo 440. Ndiyo hiyo tu, mkuu. Kilo 440, na ndani yake mpo na nyinyi wenyewe. Hata haikuwa siri: Japani humhesabu abiria mmoja kilo 55, Noah ina viti vinane, nane mara 55 ni 440. Waliotengeneza gari walishaniambia limetengenezwa kwa ajili ya nini. Watu wanane, basi.

Siku ya kuondoka Iringa akatuelekeza kwenye ghala la mahindi lenye mizani ya malori. Mizani yenyewe inasoma kwa kilo ishirini ishirini. Tukapanda na gari, sisi wawili ndani, tangi tupu, vitunguu bado vimo. 2,340. Ongeza kilo 100 za maji tuliyoanza nayo mlima, unapata 2,440. Nilitakiwa kubeba 440, nikabeba 860. Ile lugha yenu ya humu ya "kapigwa na kitu kizito", mimi nina na risiti ya mizani.

Nilirudi nyumbani nikakaa na daftari. MDF ya milimita 18, shiti moja zima karibu kilo 40, nilikuwa nazo tano. Kitanda na fremu 80. Betri mbili za N200, zile kubwa za malori, kila moja 60. Keria 60. Mtungi mkubwa wa gesi ukiwa umejaa 30. Friji 25. Sinki, sola, zulia, vyombo, nguo, chakula, nikaandika 120 na nadhani nilijipendelea. Sisi wawili 155, na hapo pia mke wangu anadai nilimwongezea. Viti vya nyuma nilivyong'oa vilirudisha kilo 90 tu. Na tairi zangu zilikuwa zimeandikwa 91, maana yake kila moja inabeba kilo 615, ukizidisha kwa mbili za nyuma unapata 1,230, na mzigo ulikuwa umelalia huko nyuma, unaona mwenyewe tulikuwa tunalala kwenye nini.

Sasa naomba nirudi kwa seremala, sijamaliza naye. Nilimpigia kutoka Iringa. Akasema, "Ungeniambia bosi, tungeongeza springi." Sikiliza, huo ushauri utaupata na wewe, tena kutoka kwa watu wazuri tu. Springi ngumu zinanyanyua matako ya gari lionekane zima. Breki ni zile zile. Gia boksi ni ile ile. Rejeta ni ile ile. Umeficha homa. Na zile Noah za Arusha anazozisema, abiria wanashuka. Kituo hiki wanashuka wanne, kile watatu, jioni gari linalala tupu. Mninga haushuki. Mninga uko nawe saa ishirini na nne, unapanda nao Kitonga, unashuka nao, unalala nao. Kitanda chenyewe sasa kiko chumba cha wageni. Mama mkwe akija anakisifia, simwambii bei.

Kwa hiyo Noah au Hiace? Kwa orodha uliyoandika wewe, ya bafu na makabati na sinki, Noah hapana. Ukiipenda Noah, ipende kama ilivyo: kunja viti, godoro la inchi nne, madumu mawili, jiko dogo la gesi, mwende mkarudi. Watu wanafanya hivyo na hawajawahi kumwona mzee wa Ipogolo. Mimi niliuza yangu kwa hasara nikachukua Hiace ya dizeli, ile van ya mizigo, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaobeba saruji na vigae. Kutoa kwenye kadi yake kunaleta zaidi ya kilo 1,000. Nyuma viti vikiondoka una karibu mita tatu za urefu, ila upana ni mita moja na nusu hivi, kwa hiyo kitanda lazima kilale kwa urefu, la sivyo utalala umejikunja kama funza. Safari hii fremu ni bomba za alumini, juu plaiwudi ya milimita 9, sanduku mbili za plastiki ndiyo makabati. Maji ni madumu mawili ya lita 20, chini, nyuma ya kiti cha dereva. Nilipima kila kitu kwa mizani ya bafuni kabla hakijaingia. Mke wangu aliniona nimepanda mizani nimekumbatia godoro akaondoka bila kuuliza. Vyote pamoja, bila sisi, kilo 185. Kitulo tumeenda, Matema tumeenda, Lushoto mara mbili, na Kitonga tunapanda tukiwa tunaongea.

Delica ni nzuri porini, sikatai, ila spea zake utazitafuta kwa tochi. La 4WD, msilale njaa kwa sababu yake. Kuteremka kreta ya Ngorongoro bila 4WD hawakuruhusu, hapo unaacha van yako juu unakodi. Kwingine tunapopita sisi kiangazi, tairi nzuri na akili ya kugeuza vinatosha. Halafu hizo 4WD nazo zinaongeza kilo, na unajua nitasema nini. Hata TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, getini ada ya gari inakwenda kwa uzito, angalau wao wameelewa.

Yule jamaa aliyejibu hapo juu kwamba "uzito ni mambo ya wazungu", kaka, nina namba ya brekidauni, gari la kuvuta magari, la Ilula karibu na Kitonga, nitakutumia.

Bima nayo uliuliza. Na sola. Nitarudi nikipata nafasi, au wengine wakusaidie, maana kwa sasa hata ukipata bima ya bure haitakupandisha mlima. Kwanza nenda kapige picha kadi ya hiyo Noah, ziba namba na jina la mwenye gari, uitupie hapa. Nataka kuona ile mistari miwili ya uzito. Na mwambie shemeji achague kimoja kati ya sinki na makabati kabla sijaiona.