Muulize Fundi: Kisima, Ubao wa Jahazi na Mafuta ya Shaveli

Tunachimba kisima huko Ganda, Malindi. Tumefika futi 32 na maji yanatoka kwa kasi, ndoo zinatushinda. Mwenye kiwanja ameleta pampu ya petroli na anataka tuishushe chini kwa kamba. Mwenzangu anasema tutangulize taa ya chemli. Ikiendelea kuwaka basi hewa ni salama. Ni kweli?

Pampu hiyo isishuke, hata kwa dakika tano. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na shimo la upana wa mita moja halina pa kuitolea. Anayeivuta huumwa kichwa, magoti hulegea, kisha akili humpotea kabla hajatambua kuna jambo. Kuizima injini kabla ya mtu kuteremka hakutoshi, maana ile hewa hubaki palepale. Wengine huunganisha bomba refu kwenye ekzosi; maungio huvuja, na kinachovuja kinaishia kwa aliye chini.

Chemli inadanganya. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Mtu hapaswi kuingia ikishuka chini ya 19.5, lakini taa itaendelea kuwaka mpaka ifike kama 16 au 17. Na kaboni monoksaidi haizimi moto: taa itang'aa vizuri huku mtu anaanguka. Tena kama kuna choo cha shimo karibu, gesi inayoshika moto inaweza kupenya hadi kisimani, na hapo chemli ndiyo kiberiti.

Mwenye kiwanja ana sababu yake ya kutaka pampu ishuke. Pampu iliyo juu, hata ikiwa mpya na ya bei kali, haivuti maji kutoka kina kinachozidi mita 7 hivi, kwa sababu kinachoyasukuma maji kupanda bombani ni uzito wa hewa ya nje. Ukubwa wa injini haubadilishi hilo. Ninyi mko karibu mita 10. Mnachohitaji ni pampu ya umeme ya kuzama. Jenereta ibaki juu, mbali na mdomo wa kisima, mahali ambapo upepo unapeleka moshi upande mwingine. Waya upitie kwenye swichi inayojikata umeme ukivuja, ya miliampu 30. Washeni, tekeni, zimeni, chomoeni waya, ndipo mtu ateremke. Mtu na pampu inayofanya kazi wasiwe kisimani pamoja.

Kuhusu hewa yenyewe, chombo cha kuamini ni kipima gesi cha gesi nne. Kifungeni kwa kamba, mkiteremshe mita mbili mbili, mkisubiri dakika mbili kila mnaposimama. Oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, kaboni monoksaidi isifike 35 ppm (sehemu kwa milioni), ile gesi ya harufu ya mayai viza isifike 10 ppm, na ya kushika moto isome sifuri. Msiitegemee pua kwa ile ya mayai viza: ikizidi, pua hufa ganzi na harufu hupotea. Feni ya kupuliza ni lazima pia, na bomba lake lifike mita moja kutoka chini. Wengi huliacha mdomoni mwa kisima, likapuliza hewa ya juu ambayo haikuwa na shida. Feni iwashwe nusu saa kabla, na isizimwe mtu akiwa ndani. Kutikisa matawi au kumwaga maji kisimani ni kujifariji tu.

Anayeteremka afungwe mkanda wa mwili mzima kabla mguu haujaacha ardhi, kamba ipite kwenye kapi iliyoning'inizwa kwenye miguu mitatu ya chuma yenye winchi. Akilegea, avutwe kutoka juu. Hakuna kumfuata. Katika visima na mashimo ya vyoo, wa pili na wa tatu hufa wakijaribu kumwokoa wa kwanza, na mara nyingi ni ndugu. Pigeni 999 au 112 huku mkivuta.

Ukuta nao msiusahau. Ardhi ya Malindi hudanganya: juu jiwe gumu la matumbawe, chini mchanga. Maji yakianza kutoka, mchanga hutiririka nayo na jiwe linabaki limening'inia. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi; ukimfika mtu kifuani, kifua hakipanuki tena. Kuanzia hapo mlipofika, fanyeni kazi ndani ya ringi za zege. Mnachimba chini ya ringi, nayo inashuka kwa uzito wake. Chimbeni mzunguko mzima kwa usawa. Ikiinama, chimbeni chini ya upande uliobaki juu, taratibu. Udongo uliotolewa uwekwe mita moja au zaidi kutoka ukingoni, na tipa lisikaribie.

Tunapakua saruji kutoka jahazini hapa Lamu. Ubao ni mmoja, na wenzetu wawili wameshateleza. Tunamwaga mchanga juu yake lakini wapi.

Mchanga ukikauka hubingiria chini ya nyayo, afadhali ubao mtupu. Pigilieni vipande vya mbao kwa kukingama, kila baada ya sentimita 40 hivi, ili mguu upate pa kushika. Mbao ziwe mbili za unene wa inchi mbili, zilizofungwa bega kwa bega, maana ubao mmoja hauna nafasi ya kuyumba ukiwa na kilo 50 kichwani. Apite mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wawili wakipishana hatua, ubao hucheza na ndio unaowarusha.

Jambo linalosahauliwa ni maji. Wakati wa bamvu, yaani maji makuu, tofauti ya kupwa na kujaa huweza kukaribia mita 3, kwa hiyo ubao uliokuwa sawa asubuhi, adhuhuri ni ngazi. Fungeni ncha ya jahazini, ya gatini iachwe iteleze yenyewe, na izidi ukingo kwa nusu mita au zaidi. Katika kila mita 3 za ubao, mwinuko ukizidi mita moja, simamisheni kubeba. Tumieni kapi ya mlingoti au subirini maji yajae. Punda wanaongoja juu hawana haraka. Na toeni mifuko pande zote mbili za ngama kwa zamu, jahazi lisilale upande.

Saruji ikichanganyika na jasho shingoni huunguza polepole bila maumivu ya mwanzo. Jiosheni kwa maji mengi baridi kabla ya kula, msingoje jioni.

Mimi ni kibarua wa siku kwenye mashamba ya chumvi, upande wa Marereni. Sina mkataba wa maandishi. Nikiumia, nina haki yoyote?

Unayo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamhusu anayefanya kazi kwa mshahara, mkataba uwe wa maandishi au wa mdomo. Mwarifu mwajiri mara moja, mbele ya shahidi. Yeye ana siku 7 za kupeleka ripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na dai lako liwasilishwe ndani ya miezi 12. Tunza ujumbe wa M-Pesa wa malipo yako: ndio ushahidi kwamba ulikuwa kazini.

Ninajifunza kuendesha shaveli, mashine ya kuchimba, huko Hindi, Lamu. Bomba la mafuta kwenye mkono wa mashine linatoa mafuta kama ukungu. Fundi wangu hupapasa kwa kiganja kutafuta tundu. Nami nifanye hivyo?

Usithubutu. Presha ya mafuta ya haidroliki, yale yanayousukuma mkono wa shaveli, huzidi bari 300. Tairi la gari dogo lina kama 2. Tundu dogo kuliko la sindano hupiga mafuta mpaka ndani ya nyama, na glavu haizuii.

Laza ndoo chini, zima injini, fungua ufunguo bila kuwasha, sukuma wenzo kila upande ili presha itoke, kisha legeza kifuniko cha tangi la mafuta ya haidroliki polepole. Ukilazimika kulitafuta tundu injini ikiunguruma, tumia kipande kirefu cha katoni ukiwa na miwani ya kazi: kikilowa, ni hapo. Bomba libadilishwe. Kulizungushia mpira na waya ni kuhamisha tundu.

Akichomwa, kidonda huonekana kama cha mwiba na huenda kisiume kwa saa kadhaa, huku nyama inaoza kwa ndani. Aende hospitali saa hiyo hiyo, na amweleze daktari wazi kuwa ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha. Asiposema, atafungwa plasta na kurudishwa nyumbani, naye anahitaji upasuaji siku hiyo hiyo.